Wasiwasi ndani ya tyubu ya zambarau

Swali linalonizunguka kichwani leo: mtu aliyeishi na wasiwasi uliopita kiasi kwa miezi 6 na zaidi, damu yake inalijua hilo?

Kliniki haina kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa wa wasiwasi. Utambuzi hutokana na mazungumzo, pamoja na dodoso kama GAD-7 lenye maswali 7 na alama 0 hadi 21. Kuanzia 10, mtaalamu huchimba zaidi. Damu ikichukuliwa, ni kutafuta vinavyojifanya wasiwasi: tezi ya thairoidi iliyochachamaa, upungufu wa damu, sukari iliyoshuka. Hata hivyo watafiti hawaachi kuzichungulia seli za damu, na siwalaumu. Ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande ili upimwe.

Chembe sahani, vipande vidogo vya seli vinavyogandisha damu, ndizo zilizoanza kuvutia macho. Hazina kiini, huishi siku 7 hadi 10 tu, lakini hubeba karibu yote iliyomo kwenye damu ya serotonini, kemikali ambayo neva pia huitumia kuwasiliana. Haziitengenezi, huivuta kutoka kwenye plazma kwa kisafirishaji kilekile cha jeni ya SLC6A4 kinachofanya kazi kwenye neva. Tatizo ni kwamba dawa za kundi la SSRI, zinazotibu wasiwasi na sonona, huziba mlango huohuo, na baada ya wiki chache chembe sahani hubaki karibu tupu. Utafiti unaochanganya wanaomeza dawa na wasiomeza unapima dawa, haupimi wasiwasi. Yaliwahi kutokea pia kwa kimeng'enya cha MAO-B, kinachovunja baadhi ya kemikali za neva: kiwango chake cha chini kilisomwa kwa muda mrefu kama alama ya tabia ya mtu, kumbe sehemu kubwa ilikuwa ni moshi wa sigara.

Kinachonivutia zaidi ni TSPO, protini ya utando wa nje wa mitokondria. Huhusika na kuingiza kolesteroli ndani, hatua ya kwanza ya kutengeneza steroidi, zikiwemo zile zinazotuliza ubongo kupitia vipokezi vya GABA, kemikali inayopoza neva. Tafiti kadhaa zimeikuta pungufu kwenye chembe sahani au limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za watu wenye wasiwasi wa jumla, na za wenye hofu ya ghafla inayoambatana na woga wa kutengana na wapendwa. Mantiki yake inashikika. Ila mpimaji asichague kinasishi, yaani molekuli inayonata kwenye TSPO ili ihesabike, bila kufikiri: tofauti ndogo ya kijeni, rs6971, hupunguza mnato wa vinasishi vingi vipya, wakati PK11195 ya zamani haiyumbishwi nayo.

Halafu kuna methili, vialama vya kemikali vinavyobandikwa kwenye DNA. Jeni ya MAOA, ya kimeng'enya ndugu wa MAO-B, imeonekana kuwa na methili kidogo kwa wanawake wenye hofu ya ghafla, na kwa waliopata nafuu kwa tiba ya mazungumzo kiwango kikapanda. Habari tamu, lakini damu nzima ni mchanganyiko wa aina nyingi za seli, na kila aina ina methili zake. Tuseme wagonjwa wana nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, asilimia 65 na wenzao 55: utaona tofauti ya methili hata kama hakuna seli hata moja iliyobadilika. Hesabu kila aina ya seli, au kadiria uwiano wake kwa mbinu ya takwimu ya Houseman ya mwaka 2012, kabla ya kushangilia.

Mengi huharibika mapema kuliko hapo, kwenye kiti cha kutolea damu. Sindano yenyewe inatisha. Adrenalini huzitoa seli za NK, askari wa kinga ya mwili, mafichoni na kuzimwaga kwenye damu ndani ya dakika chache, na mwenye wasiwasi huenda akaiogopa sindano kuliko wengine. Kwa hiyo weka kanula, mrija mwembamba wa mshipani, kwanza, mwache apumzike dakika 30, ndipo uvute damu. Saa nayo iwe moja kwa wote, maana limfosaiti hupungua asubuhi kotisoli, homoni ya msongo, ikiwa juu na huongezeka usiku.

Tyubu ya zambarau yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, inafaa kwa DNA, ila huvimbisha chembe sahani. Hizo zitumie kizuizi kingine, sitreti ya asilimia 3.2, sehemu moja kwa tisa za damu. Hepari, kizuizi cha tyubu ya kijani, huvuruga PCR, kipimo kinachozidisha nakala za DNA. RNA, nakala ya jeni zilizo kazini, inataka tyubu yenye kihifadhi chake, la sivyo jeni huendelea kuwaka na kuzimika mezani.

Kutenga limfosaiti na monosaiti (seli nyeupe nyingine), punguza makali ya damu nusu kwa nusu kwa PBS, maji ya chumvi, imwage taratibu juu ya kimiminika chenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, zungusha kwenye mashine kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia) dakika 30 kwenye nyuzi 20, breki ikiwa imezimwa. Breki ikishika, tabaka zinachanganyika. Mililita moja ya damu hutoa seli milioni 1 hadi 2. Osha mara mbili kwa mwendo mdogo ili chembe sahani zibaki juu na kumwagwa, la sivyo serotonini yao itahesabiwa kwa limfosaiti. Damu iliyolala saa 24 ina nyutrofili zilizopungua uzito, nazo huingia kwenye pete nyeupe ya limfosaiti na monosaiti kama wageni wasioalikwa.

Ndiyo maana nikifungua makala mpya, naanza na aya ya mbinu: saa ngapi, tyubu gani, ilikaa muda gani mezani, nani alikuwa anavuta sigara. Ikiwa imeandikwa tu kwamba damu ilichukuliwa asubuhi, michoro ya mbele naipita haraka.