Orodha ya mwinjilisti: Krismasi ya watoto Makete

Desemba ikifika katikati, Dar es Salaam huanza kupumua. Wachaga wanapanda kwao "kuhesabiwa", kama utani unavyosema, na stendi ya Magufuli kule Mbezi inakuwa haina pa kuweka mguu. Sisi tulishika njia nyingine. Coaster ya kukodi, waumini wa usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kilutheri), mabunda ya daftari hadi chini ya viti, na sufuria kubwa mbili zimefungwa kamba juu ya keria. Tulikuwa tunakwenda Makete, mkoani Njombe, kuwafanyia sherehe ya Krismasi watoto wanaolelewa na bibi zao.

Kwa nini Makete? Njombe imekaa muda mrefu kileleni mwa orodha ya mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo wanaishi na virusi, wakati kwa nchi nzima ilikuwa 4.4. Dawa za kufubaza zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na kabla ya hapo Makete ilizika sana. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, kizazi cha kati hakuna. Wajukuu wale wa wakati ule leo ni watu wazima wenye watoto, na baadhi yao nao wamewaacha watoto kwa bibi, ama kwa kifo ama kwa kwenda mjini kutafuta. Ndiyo maana kwenye orodha aliyotutumia mwinjilisti wa kule, safu ya "anaishi na" ilisomeka hivi kutoka juu hadi chini: bibi, bibi, bibi, shangazi, bibi, kaka, bibi.

Orodha hiyo ndiyo iliyotawala safari nzima, nitaifikia.

Michango ilikusanywa kwa bahasha tangu Septemba, kwa ahadi na kwa kusumbuana kwenye kundi la WhatsApp. Sweta tulizinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa mfanyabiashara mmoja Mkinga, kabila lenye asili ya Makete. Anayejua Kariakoo anajua Wakinga walivyo na maduka. Aliposikia mzigo unakwenda Makete alikaa kimya kidogo, akauliza kata gani, akashusha bei bila kuombwa na kuongeza furushi la soksi. "Kule baridi inaanzia miguuni," alisema. Katika kamati nzima hakuna aliyekuwa amefikiria soksi. Watu wa Dar tulikuwa tumefikiria pipi.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Chalinze tulinywa chai, Morogoro tukapita bila kusimama. Mikumi dereva alishuka hadi spidi 50, maana barabara inakatiza hifadhini na kibao cha faini za kugonga wanyama kinasomeka vizuri sana: kila mnyama ana bei yake, kwa dola. Mama mmoja nyuma aliuliza kama mtu naye yumo kwenye kibao. Hayumo. Ruaha Mbuyuni tulipata vitunguu vya pilau, na baada ya hapo ikaja Kitonga, ule mlima ambao abiria wote hugeuka kuwa madereva. Malori yanapanda kwa mwendo wa konokono, korongo liko upande mmoja na ukuta wa mwamba upande wa pili. Kwaya iliimba hadi kona ya tatu hivi, kisha ikanyamaza kabisa hadi tulipoona nyanya za Ilula barabarani.

Iringa, Mafinga, msitu wa Sao Hill usioisha, Makambako, Njombe. Kufika Njombe ni zaidi ya kilomita 700 kutoka Dar, na tulifika usiku watu wakitetemeka. Asubuhi tulisalimiwa "kamwene", tukaitikia kila mtu kwa namna yake, tukaendelea. Kutoka Njombe hadi Iwawa, makao makuu ya wilaya ya Makete, sasa ni lami. Wenyeji wanaisifia barabara hiyo kwa sauti ambayo kwingine watu huitumia kusifia mtoto aliyefaulu, kwa sababu wanakumbuka masika ambapo lori la viazi lililala matopeni na mzigo ukaozea humo. Magunia ya lumbesa yamepangwa kando ya barabara, marefu kuliko wanaoyauza. Milima inakunjana, paina na miwati kila upande, na ukungu unaingia hadi ndani ya gari.

Nitaje hapa kwamba kijana mmoja wetu alikuwa amebeba mti wa Krismasi wa plastiki kutoka Dar. Kaukumbatia njia nzima. Tuliposhuka kijijini, nyuma ya kanisa kulikuwa na shamba la paina la ekari nyingi. Watoto waliuzunguka mti wake wakiugusa majani, mmoja akauliza kama ukipandwa unaota.

Mwinjilisti alitupokea kwa uji wa ulezi na maneno machache. Alikuwa mtu mzima, kofia ya sufu, koti la mvua, buti. Mchungaji wetu alimkabidhi ratiba yetu iliyochapwa: ibada fupi, maigizo, chakula, kisha "kuita watoto mbele kwa majina na kukabidhi zawadi". Mshereheshaji tulikuwa tumemteua, na kipaza sauti chetu tumekuja nacho. Mwinjilisti aliisoma yote, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Bwana asifiwe, wapendwa. Ratiba ni nzuri. Ila majina hayasomwi."

Katibu wetu alieleza kwa upole kwamba zile zawadi zina wenyewe, kila kifurushi kimeandikwa jina na namba ya kiatu kwa kufuata orodha yake mwenyewe. Mzee alikubali. Akasema orodha ni ya daftari, viatu na sweta. Chakula ni cha kijiji kizima. Na mtoto ukimwita mbele ya watu leo kwa sababu hana wazazi, kesho akienda kuchota maji wenzake watamwita hivyo hivyo, hadi amalize darasa la saba. "Nyie mtakuwa mmesharudi Dar," alimalizia, bila ukali.

Kulikuwa na ubishi. Mzee wa kanisa mmoja wa kwetu, mtu wa mahesabu, alitaka kujua waliochanga wataonyeshwa nini. Ni swali la haki, watu walitoa fedha zao na baadhi yao si matajiri. Tena afisa ustawi wa jamii alikuwa ameshatuambia kwa simu kwamba picha za watoto wale zisirushwe mitandaoni. Sasa bila majina na bila picha, ripoti itaandikwaje? Mama mchungaji ndiye aliyemaliza mjadala. Aliuliza kama kuna yeyote kati yetu ambaye ada yake iliwahi kulipwa na mtu, na kama angependa itangazwe kwenye kipaza sauti. Mikono kadhaa ingeweza kunyooka. Haikunyooka, na ratiba ikabadilishwa.

Basi ikawa hivi. Wakati watoto wakicheza uwanjani, kukimbia na magunia, kuvuta kamba, bibi mmoja mmoja walipita nyuma ya nyumba ya mwinjilisti, wakasaini kwa jina au kwa dole gumba, wakatoka na kiroba cha sandarusi kama mtu aliyefuata mbegu. Mimi nilikuwa mezani nikitafuta vifurushi. Bibi mmoja alifungua chake pale pale, akavuta viatu, akavikunja soli kwa vidole vyote kupima kama ni ngozi au makaratasi, kisha akanitazama.

"Shikamoo bibi," nikasema, sikujua la kuongeza.

"Marahaba mwanangu. Hivi vitafika Juni."

Nilipokea kama pongezi. Mwinjilisti alinieleza baadaye kwamba Juni ndipo baridi kali na umande wa barafu huanza, na kiatu kinachofika Juni ni kiatu.

Jikoni nako kulikuwa na vita vyake. Mpishi wetu mkuu ni mama mzaliwa wa Tanga ambaye pilau yake imelisha harusi nyingi hapo Dar. Alipima maji kama anavyopima siku zote, akasubiri. Mchele ukabaki mgumu. Akaongeza kuni, ukabaki mgumu. Kijiji kile kiko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100. Yatatokota kwa kelele zote lakini moto wake ni pungufu. Tena kuni tulizookota zilikuwa za paina, zinazolipuka kwa utomvu, zinatoa moshi mweusi na kuisha. Wanawake wa kijiji walisimama pembeni kwa adabu, wakimwacha mgeni na sufuria yake, hadi mmoja akashindwa kuvumilia. Alileta kuni za miwati, akaongeza maji kwa kata, akafunika sufuria kwa majani ya mgomba waliyopata sijui wapi, akaweka sinia na mawe juu yake. Maharage, alisema, yeye aliyabandika tangu jana jioni. Mama wa Tanga alikaa kwenye kigoda akasema leo amekuwa mwanafunzi, na kuanzia hapo jiko lilichangamka, kila mmoja akimcheka mwenzake.

Pilau ilichelewa. Walikuja watoto wa orodha na wasio wa orodha, wenye baba na wasio na baba, waliotoka kijiji jirani kwa kufuata harufu tu, na wazee wachache waliodai wamewasindikiza wajukuu ambao hatukuwaona. Tulikuwa tumepanga sahani mia na ushee. Ziliisha, zikaoshwa, zikaanza upya. Kama tungesimama mlangoni na orodha kuchuja nani ale, sijui tungetazamana vipi. Ukipita uwanjani usingejua yupi amepata kiroba na yupi hakupata, wote mdomo mafuta na mkono soda. Yule kijana wa mti wa plastiki alivaa suti nyekundu ya Baba Krismasi, na ndiye pekee kati yetu ambaye hakulalamikia baridi siku ile. Alilala nayo.

Siku ya pili Coaster tuliiacha Iwawa tukakodi Noah kwenda upande wa Matamba. Njia inapita juu Kitulo, hifadhi tangu 2005, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, na Desemba maua yalikuwa yameanza kujitokeza katikati ya majani marefu. Mvua ilinyesha, sherehe ikafanyikia ndani ya kanisa, watoto wakiwa wamebanana kwenye mabenchi, mvuke ukipanda kutoka kwenye nguo zao. Mbele zaidi barabara inashuka kwenda Chimala kwa kona 57. Baada ya Kitonga hakuna aliyetaka kuzihesabu, tukarudi tulikotoka.

Jumapili tulisali na wenyeji, na baada ya ibada ukafuata mnada, kama ilivyo desturi ya makanisa yetu: debe la viazi, maparachichi, mayai, jogoo mmoja mwekundu. Yule jogoo alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, akarudishwa, hadi nikapoteza hesabu ya wamiliki wake. Mwisho mwinjilisti akatangaza kwamba lipo jambo dogo la wageni. Vijana wakaingiza magunia ya viazi, wakayapanga mbele ya madhabahu. Yalikuwa yametolewa na kaya, na kati ya kinamama waliosimama kuyakabidhi niliwaona wawili niliowapa viroba siku ile. Mzee wetu wa mahesabu alitaka kukataa, kwa nia njema, akisema viazi vibaki kwa watoto. Mchungaji alimvuta koti akakaa. Tulirudi Dar na lumbesa juu ya keria mahali pa sufuria, na Mikumi dereva hakuhitaji kibao kumkumbusha mwendo.

Januari mwinjilisti alinipigia. Shule zimefunguliwa, watoto wa msingi wameingia na daftari zao. Lakini kuna waliochaguliwa kidato cha kwanza ambao bado wako nyumbani. Ada hakuna tangu 2016, ila fomu ya kujiunga inataka godoro, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, sare mbili na sweta ya rangi ya shule, na bibi hana. Akauliza kama mwakani tunaweza kuja wiki ya kwanza ya Januari badala ya Krismasi.

Nimelipeleka kwenye kamati na tumegawanyika. Wengine wanasema Januari Dar nzima haina fedha, bahasha zitarudi tupu, na kwamba mtoto anahitaji pia siku ya pilau na soda. Mimi nimependekeza fedha zikusanywe Novemba kama kawaida, watu wachache waende Januari na magodoro, na sherehe tuwaachie wenyeji waiandae kwa gharama yetu, maana jiko walishatuonyesha wanalimudu. Kikao kijacho ni baada ya Pasaka. Mama wa Tanga amesema lolote litakaloamuliwa, yeye anakwenda, na sufuria habebi.