Nilivyolipatia neno "replete" Kiswahili chake

Nilikuwa natafsiri makala iliyosema kwamba ripoti fulani ilikuwa "replete with errors", yaani ina makosa mengi mno. Nikaandika: "ripoti imekamilika". Jicho liliona "complete", mkono ukafuata, na ripoti mbovu ikageuka kuwa ripoti isiyo na kasoro. Mhariri alinirudishia kazi, neno hilo kalizungushia duara.

Nikasahihisha: "imejaa na makosa". Ikarudi tena, safari hii kimefutwa kineno kimoja tu, "na". Kiingereza kinataka "with" baada ya "replete", lakini kwetu mtungi umejaa maji, basi. Hiyo "na" naiona kila mahali siku hizi na inaniuma, kwa sababu inaingia kimyakimya na masikio yanaizoea.

Hata hivyo "kujaa" hakukuniridhisha. Neno "replete" lenyewe limetoka kwenye Kilatini, replere, yaani kujaza, na Waingereza wanalitumia kwa kitu kilichobeba vingi ndani yake. Nilihangaika nalo siku kadhaa mpaka nikakumbuka meli. Meli iliyosheheni imepakiwa shehena mpaka inakaa chini majini. Hapo ndipo moyo ulipotulia: kamusi imesheheni mifano, hotuba imesheheni methali. Penye makosa sikulitumia, maana "kusheheni" kuna harufu ya sifa. Ripoti ile nikaiandika "imejaa makosa tele".

Kuna matumizi mengine, ya mtu aliyetoka kula. Hapo ni "kushiba" tu, wala si "kuvimbiwa", kwa kuwa aliye "replete" ameridhika, hasumbuliwi na tumbo.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni pale neno linapokuwa jina. Wako sisimizi wa maeneo makame, Marekani na Australia, ambao baadhi ya vibarua wao hulishwa utamu mpaka tumbo linavimba kama zabibu. Hukaa wananing'inia kwenye dari ya vyumba vya kiota chao chini ya ardhi, na chakula kikiadimika wenzao huwagusagusa nao wakatapika tone la kuwalisha. Kwa Kiingereza kila mmoja wao ni "replete". Nilijaribu "walioshiba", nikaona haifai, kwani shibe ile si yao, wamewawekea wenzao. Nikaandika "sisimizi ghala". Mhariri hakuweka duara.