Simiti Niliyoituma Nyumbani

Dalali alimpa kaka yangu maneno matatu tu: lipu, rangi, taili. Nyumba ya marehemu mama iko Langoni, Lamu, ndani kidogo kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Sisi warithi ni watatu: kaka amebaki huko, mdogo wetu yuko Muscat, mimi niko Leicester. Hakuna atakayerudi kuishi mle, kwa hivyo tumekubaliana kuuza. Dalali akasema nyumba ikipigwa lipu ya simiti chini, ikapakwa rangi nyeupe ya mafuta na choo kikatiwa taili, mwezi haupiti.

Nilikaribia kukubali. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, hapa saa moja asubuhi, Lamu saa tatu. Kaka akanipigia kwa video na kuipitisha simu polepole kwenye ukuta wa tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia nyumbani. Lipu imevimba kama andazi, na kila alipoigusa kwa kidole unga mweupe ulidondoka. Juu ya lipu, inapoanzia chokaa ya zamani, unyevu ulikuwa umeshapanda hadi usawa wa kifua chake.

Simiti ile niliigharamia mimi. Mwaka 2014 mama alinieleza kwamba ukuta wa tekani unamwagika chini, nikaona aibu kwamba mtoto wake yuko Ulaya na ukuta wake unamwagika. Nikatuma pesa, nikataka simiti, tena nzito. Mama akasema ami, mwashi wetu wa siku zote, haipendi simiti kwenye nyumba kama ile. Nikamjibu kwamba ami anataka kazi isiyokwisha. Mama alinyamaza, na kazi ikafanywa na fundi mwingine. Natamani ningeyarudisha maneno yale.

Kilichonifumbua macho ni nyumba tuliyoinunua hapa mimi na mume wangu. Ni ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ya matofali yaliyounganishwa kwa chokaa. Kabla ya kununua tulimlipa mkaguzi, naye akatuonyesha mahali ambapo mwenyewe wa zamani alizibia viungo kwa saruji. Unyevu uliokuwa ukitokea nje kupitia kwenye chokaa umezibiwa njia, akasema, sasa unatokea sebuleni kwenu. Nilisimama pale Leicester nikauona ukuta wa mama.

Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa matumbawe, yakashikwa na kupakwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe hayo hayo kuchomwa. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, na pwani maji hayo yana chumvi. Chokaa huyaacha yatoke taratibu, na chumvi ikibaki juu juu chokaa huliwa, unaipaka tena. Ndiyo maana ukuta ulikuwa "ukimwagika": ulikuwa ukifanya kazi yake. Ukiuziba kwa simiti maji hayaondoki, yanapanda yakitafuta mlango. Yakifika juu yanakutana na vichwa vya boriti.

Basi nikampigia ami mwenyewe. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa maneno ya mwaka ule, maana mama alikuwa amemfikishia. Akacheka kwa upole. "Mwanangu, nyumba yapumua. Usiifunge pua." Kisha akauliza kama nataka kuuza kesho au kuuza vizuri.

Ami hakukubali kuanza masika. Tulingoja mpaka Agosti, na chokaa akawa ameiloweka kwenye mapipa wiki kadhaa kabla. Simiti yote ikabanduliwa kwa patasi, pole pole, kwani ukiipiga kwa hasira inang'oka na jiwe. Ukuta ukaachwa wazi ukauke. Mchanga aliutaka safi: wa ufuoni aliukataa kwa chumvi yake. Mchanga wenyewe ulivuka kwa mashua kutoka Mokowe, kisha punda wakaupandisha, maana vichochoro vyetu havipitishi gari. Anayepiga hesabu ya ukarabati Lamu akiwa mbali asisahau mashua na punda. Tabaka la kwanza likafunikwa magunia yaliyoloweshwa lisikauke kwa pupa, kisha la pili, mwisho chokaa nyepesi ya kupaka kwa brashi. Rangi ya mafuta hatukuinunua.

Nami nilijifunza kukagua kwa masikio. Kila ami alipomaliza sehemu nilimwomba agonge ukuta kwa kifundo cha kidole, simu ikiwa karibu. Penye uwazi nyuma ya lipu panalia kama mtungi mtupu. Palipo pazima panajibu mkato. Pesa nilituma kwa hatua, baada ya kusikia.

Boriti moja juu ya choo ilikuwa imeoza kichwa. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, kwa hivyo kila moja imebeba sehemu yake na haina wa kumtegea. Ikabadilishwa. Chanzo kilikuwa mfereji uliovuja miaka, nao ukatengenezwa kwanza, vinginevyo boriti mpya ingefuata ya zamani. Bawaba, komeo, nyaya zilizoning'inia msanani (ukumbi wa ndani), mtaro wa maji ya mvua uliojaa majani: siku mbili zikaisha.

Tuliyoyakataa nayo niyataje. Dalali alitaka zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizomeguka kingo zijazwe plasta ya dukani ili zionekane mpya. Hapana. Nakshi ile ilichongwa kwa mkono kwenye chokaa, na aliyekuja kununua nyumba ya Lamu ajue anachokinunua, mmeguko na vyote. Akaleta na mtu wa kuununua mlango wa mbele peke yake, na fremu yake. Kaka alimtoa nje kabla hajamaliza kusema. Hata tungetaka, Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia tangu 2001, na sura ya nyumba haibadilishwi bila ruhusa. Kuziba nyufa na kupaka chokaa ni jambo moja, kuvunja na kung'oa ni jingine.

Kwa wenzangu wa ughaibuni wenye nyumba ya kuuza: tafuteni wakili mapema, kabla ya mnunuzi. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mauzo Kenya ni asilimia 15, zamani ilikuwa 5, kwa hivyo wekeni risiti zote za fundi na mumuulize wakili ipi inahesabika. Na mnunuzi asiye raia, kwa Katiba ya 2010, hupewa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Mwambieni mapema, asije akalisikia siku ya kutia saini.

Nyumba bado haijanunuliwa. Wamekuja wawili kuitazama, na wa pili alikuja na mwashi wake, mzee wa kijiji cha Matondoni. Mzee yule hakutazama rangi. Aligonga tekani kutoka chini hadi juu, akauliza nani kaupiga ukuta huu. Kaka akamtajia ami, wakaanza kuzungumzia tanuu za chokaa za zamani, mnunuzi amesimama kando anangoja.

Kaka amehifadhi pipa moja la chokaa iliyolowekwa pale kiwandani, yaani uani, limefunikwa, na juu yake ameandika kwa makaa mwezi ulipopigwa ukuta. Nimemwambia liwemo kwenye mauzo.