Neno Moja tu: Amina

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Kabla ya kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu baada ya ubatizo, kijana hufundishwa kwa miezi mingi, pengine miaka. Anakariri mapaji saba ya Roho Mtakatifu, yaani vipawa vyake: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Anakariri katekisimu, huku moyo ukimdunda asije akaulizwa yeye mbele ya watu. Siku inafika. Askofu anachovya kidole gumba katika Krisma, mafuta matakatifu, anamwita kwa jina, anamchora msalaba kwenye paji la uso na kusema: "Pokea mhuri wa Paji la Roho Mtakatifu." Kijana anajibu neno moja tu. Amina.

Wiki hii nimekaa na neno hilo. Tumezoea kusema kwamba wazazi na wasimamizi walimsemea siku ya ubatizo, sasa anajisemea mwenyewe. Ni kweli, maana kabla ya kupakwa huzirudia ahadi za ubatizo kwa kinywa chake. Ila tukiishia hapo, tunamfanya kijana kuwa ndiye mtendaji. Sikilizeni jina lenyewe: kipaimara, kinachompa mtu uimara. Anapewa. Paji la uso linapokea Paji la Roho, na yeye anaitikia.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 8. Wasamaria walikuwa wameshaamini na kubatizwa, Filipo akiwa mhubiri wao. Hata hivyo mitume wa Yerusalemu waliwatuma Petro na Yohane. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hataji mtihani wowote. Anataja sala, anataja mikono iliyowekwa juu yao, na Roho Mtakatifu waliyempokea.

Ndiyo maana inaniuma kuona kipaimara kikigeuka mahafali. Papa Fransisko alilisikitikia jambo hili zaidi ya mara moja, akisema wapo wanaokiita sakramenti ya kuaga. Tusiwalaumu vijana peke yao. Ni sisi tuliowafundisha kana kwamba kuna mtihani wa mwisho, kisha picha, kisha basi. Msimamizi huweka mkono wa kuume begani mwa kijana wakati wa kupakwa. Wangapi kati yetu tuliuondoa mkono ule siku ileile?

Lakini liko jambo linalonipa faraja kubwa, hasa ninapowafikiria waliopotea machoni petu. Kipaimara hakirudiwi. Kama ubatizo na daraja takatifu wanayopewa mapadre, huacha rohoni alama isiyofutika. Mafuta hukauka kabla ya jioni, mhuri unabaki. Kijana aliyekaa miaka kumi bila kusali bado anao. Akirudi, ataungama kwa padre na kupokelewa; hapakwi Krisma tena, kwa kuwa Mungu hakukiondoa alichokitia. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorinto kwamba Mungu ametutia mhuri na kutupa Roho mioyoni mwetu kuwa arabuni, yaani malipo ya awali. Anayetoa arabuni ana nia ya kurudi kumalizia.

Kama una mtoto wa kipaimara ambaye hujamsikia siku nyingi, mtafute wiki hii. Usianze kwa kumuuliza habari za Misa. Muulize hali yake, msikilize mpaka amalize. Usiku umwombee, ukimtaja kwa jina lile aliloitwa na askofu.