Shane Lowry bado hajachuja
Mchezaji gofu wa Ireland Shane Lowry aliposhinda mashindano ya Irish Open mwaka 2009 alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, hivyo hakuruhusiwa kuchukua fedha za zawadi. Kilele chake kilikuja mwaka 2019 kwenye uwanja wa Royal Portrush, Ireland Kaskazini, ambako raundi ya tatu aliimaliza kwa mikwaju 63, kisha siku ya mwisho, katikati ya mvua na upepo, akaulinda uongozi wake na kutwaa The Open, moja ya mashindano makuu manne ya gofu, kwa tofauti ya mikwaju 6. Tangu hapo ushindi wa peke yake umekuwa adimu, nami naamini kipaji chake kinastahili zaidi. Hata hivyo, Septemba 2025 huko Bethpage, Marekani, mpira wake ulipozama kwenye shimo la 18 dhidi ya Mmarekani Russell Henley, Ulaya ilijihakikishia kubaki na Kombe la Ryder, linalogombewa na timu za Ulaya na Marekani.