Niliwasha mashine ya maji kwa kamba ya katani

Springi ya kamba ya kuwashia mashine yangu ya maji ilikatika mwezi Septemba, vitunguu vikiwa na wiki 6 tangu vipandikizwe, na yeyote aliyelima Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, mwezi huo anajua kwamba jua la bondeni halimsubiri mtu atafute fundi. Nilivuta, kamba ikatoka yote, ikabaki inaning'inia mkononi bila kurudi ndani. Fundi niliyempelekea aliitazama kidogo tu, akasema, "Mama, hii imekwisha, tafuta nyingine." Nilimweleza kwamba cheche ipo na petroli inafika, lakini hakugusa hata plagi. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu mashine mpya ilikuwa inazidi shilingi 400,000, na kilichokatika kilikuwa utepe mwembamba wa chuma uliojikunja kama konokono.

Injini ndogo ya petroli kama hii yangu, ya nguvu farasi 5.5, haihitaji betri. Sumaku iliyomo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya kifuniko cha kamba, ikipita mbele ya koili, yaani waya uliosokotwa unaozalisha umeme wa plagi, kwa kasi ya kutosha, cheche inaruka yenyewe. Kwa hiyo kazi iliyokuwa mbele yangu ni kuizungusha flaiwili kwa kasi na kwa upande wake unaostahili, yaani upande wa mishale ya saa ukiwa umesimama mbele ya kifuniko cha kamba. Nilikifungua kifuniko hicho kwa spana namba 10.

Kijana wa jirani, ambaye ni seremala, alinishauri tutumie drili yake ya betri, na kwa kweli lilionekana wazo zuri, kwani nati ya katikati ya flaiwili inaingia soketi namba 19, na drili ikienda mbele inazungusha upande uleule unaotakiwa na kuikaza nati badala ya kuilegeza. Mara ya kwanza drili iliunguruma ikasimama, haikuweza kuishinda kompresheni, yaani ule uzito wa hewa inayobanwa ndani ya injini. Tukatoa plagi, ikazunguka vizuri sana, tukafurahi, tukairudisha plagi. Safari hii ilizunguka kwa uzito mara mbili au tatu, kisha injini ikashika kidogo na kurudisha nyuma kwa ghafla. Drili ilipinduka mikononi mwa yule kijana, mpini ukampiga kifundo cha mkono, na kile kipande kinachounganisha drili na soketi kikasagika pembe zake zote. Mkono ulivimba siku mbili. Nilimlipa kipande chake, shilingi elfu kadhaa, nikamwomba radhi mama yake, na tangu hapo simshauri mtu atumie drili inayoshikana na nati moja kwa moja bila kitu cha kuiachia pale injini inaposhika.

Jioni hiyo nilikumbuka mashine ya kusaga ya marehemu baba, ya dizeli, iliyowashwa kwa hendeli. Alitufundisha kuishika hendeli huku kidole gumba kikilala upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirusha, hendeli iponyoke bila kukivunja kidole. Nilielewa kwamba nilichohitaji ni kitu kitakachojiachia chenyewe.

Nilikata kamba ya katani yenye urefu wa mita moja na ushee, nikaipiga fundo moja nene mwishoni. Kile kikombe cha chuma kilichofungwa mbele ya flaiwili kina matundu ubavuni. Nililitia fundo ndani ya tundu moja bila kulifunga popote, nikaizungusha kamba kufuata mishale ya saa, mizunguko mitatu, na upande wa pili nikafunga kijiti cha mti niwe nacho kama mpini. Kamwe usiizungushe kamba hiyo kiganjani. Ncha ya kanga niliichomeka kiunoni na mtandio nikauvua kabisa, maana flaiwili iliyo wazi hairudishi kitambaa ilichokinyakua.

Nilivuta, haikuwaka. Kwa kuvutwavutwa mchana kutwa, petroli ilikuwa imejaa ndani na plagi imelowa, ncha yake nyeusi inang'aa kama jicho la samaki. Niliifuta, nikaenda nayo jikoni, mbali na mashine, nikaiweka pembeni mwa mkaa hadi isishikike kwa mkono mtupu. Wakati inapata moto nilifunga bomba la mafuta na kuvuta kamba mara kadhaa, tundu la plagi likiwa wazi, mpaka harufu ya petroli ikapungua. Nikairudisha plagi ingali moto, nikaishika kwa kitambaa, nikafungua mafuta, choki, ile ya kupunguza hewa ili petroli izidi, sikuitumia. Kisha niliisogeza flaiwili polepole kwa mkono mpaka ilipokuwa nzito, nikaipitisha kidogo tu ule uzito, ili kamba ipate nafasi ya kukimbia kabla ya kukutana nao tena.

Mvuto wa kwanza ilikohoa. Wa pili fundo lilichomoka tunduni, kamba ikabaki mkononi mwangu, na injini ikaunguruma mpaka yule kijana akaja mbio na bandeji yake mkononi. Maji yalifika tuta la mwisho saa nne usiku.

Niliwasha hivyo kwa siku 9, hadi springi ilipoletwa kutoka Iringa mjini kwa shilingi 15,000 hivi pamoja na nauli ya mzigo. Nimeifunga mwenyewe. Kamba ya katani nayo bado imeviringwa kwenye fremu ya mashine, fundo lake likiwa limeloa oili.