Kura 264, na bado hoja ikaanguka

Jana nimebishana na mwenzangu kazini mpaka chai ikapoa. Yeye anashikilia kwamba nchi yenye kambi ya Marekani haina ubavu wa kumwambia Mmarekani "hapa kwangu hupigi mtu." Nikamwambia, ndugu yangu, hebu soma Uturuki ya 2003.

Mwanachama wa NATO, ule muungano wa kijeshi pamoja na Marekani, na kambi ya anga ya Incirlik inayotumiwa na Wamarekani ipo miaka na miaka. Machi 1 serikali ikapeleka bungeni hoja ya kuruhusu askari 62,000 wa Marekani wapitie Uturuki waivamie Iraq kutokea kaskazini. Waliokubali 264, waliokataa 250. Imepita? Wapi! Kulikuwa na 19 waliojizuia, na katiba ilidai zaidi ya nusu ya wote waliohudhuria, yaani 267. Zikapungua tatu tu! Na walioiangusha hoja ni pamoja na wabunge wa chama tawala wenyewe, hapo ndipo nilipochekea. Meli zilizokuwa zinasubiri na vifaru pwani ya Uturuki zikageuza kuelekea Kuwait.

Mwenzangu naye si haba, akanikumbusha kwamba Machi 20 bunge hilohilo lilifungua anga kwa ndege za Marekani. Hapo nikamkubalia nusu.